Dawa iliyogoma kuyeyuka

Najua nimepotea sana hapa barazani, na wengine mmeniandikia kuuliza kama baridi ya Uingereza imenimeza. Bado nipo jamani! Ni zamu za usiku tu. Ukiwa zamu ya usiku mwezi wa Januari unarudi nyumbani jua halijachomoza, unaamka limeshazama, unabaki kujiuliza hivi leo ni siku gani.

Leo siandiki habari za baridi wala bei ya mihogo ya kwenye friza. Leo ni historia, tena historia ya kitu ambacho kila mmoja wetu amekinywa: dawa ya maji. Kilichonisukuma ni mambo mawili yaliyotokea usiku mmoja, na katika yote mawili mimi ndiye niliyekosea.

La kwanza. Jioni najiandaa kwenda kazini, simu ikaita, mdogo wangu wa Muheza. "Shikamoo dada." Marahaba, vipi huko? Mwanawe, mwaka mmoja na nusu, anakohoa siku ya tatu, ana homa na anahema haraka haraka. Amempeleka zahanati, wamemhesabu pumzi, wakasema nimonia, wakampa amoksilini. Lakini alikuwa na hasira. "Dada, wamempa vidonge! Vidonge kwa mtoto wa mwaka na nusu! Hata dawa ya maji hawana. Nitumie chochote nikanunue ile ya kikohozi ya dukani, ile nyekundu, tamu, hiyo haitemi." Nilikuwa nimeshavaa koti, basi limebakiza dakika nne. Nikatuma hela kwa simu, nikakimbia. Sikumuuliza vile vidonge amevifanya nini.

La pili. Saa nane usiku tulikuwa na mgonjwa wa degedege, daktari akaandika apewe fenitoini kwenye mshipa. Nilikuwa na mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili, msichana mwepesi kweli kweli. Akaniletea chupa ya dripu ya sukari. Nikamwambia hapana, dawa hii haichanganywi na maji ya sukari, ni ya chumvi tu. Akauliza, kwa nini? Nikamjibu: ndivyo mwongozo unavyosema.

Hakusema kitu, akaenda kubadilisha chupa. Lakini nilijisikia aibu. Nina digrii ya uuguzi, nimeshika sindano miaka zaidi ya kumi katika nchi mbili, halafu najibu kama kasuku. Kuuliza si ujinga. Ujinga ulikuwa upande wangu mimi niliyeacha kuuliza siku nyingi. Mapumziko yalipofika nikafungua kitabu cha dawa nikaanza kusoma, na tangu usiku ule sijaacha. Yaliyompata mtoto nitayasema mwisho. Tuanze na mwanafunzi.

Chukua kikombe cha chai, tia sukari, koroga. Sukari inapotea machoni, lakini chai nzima ni tamu. Huko ndiko kuyeyuka. Sasa chukua kikombe cha maji, tia tone la mafuta ya nazi, koroga mpaka mkono uchoke. Mafuta yatakuja juu yakutazame. Dawa nazo ziko hivyo hivyo, nyingine zina tabia ya sukari, nyingine zina tabia ya mafuta, na nyingine zina tabia ya mchanga, hazitaki maji wala mafuta.

Mwili wa binadamu sehemu kubwa ni maji. Kidonge ukimeza, lazima kwanza kiyeyuke kwenye majimaji ya tumbo na utumbo ndipo dawa ipenye kuingia kwenye damu. Kisipoyeyuka, kinapita na kutoka kama kilivyoingia. Na dawa ya mshipani ndiyo kabisa haina mchezo, maana ukisukuma chembechembe kwenye mshipa unaweza kumuua mtu. Kwa hiyo mkemia anaweza kugundua dawa ya ajabu kwenye maabara, lakini kama haiyeyuki bado hana dawa. Ana unga tu.

Fenitoini ni mojawapo ya hizo zinazogoma. Ili ikubali kukaa kwenye kichupa cha sindano, watengenezaji wameiwekea mazingira ya nguvu: propilini glaikoli asilimia 40, kilevi asilimia 10, na magadi ya kufanya kimiminika kiwe kikali, pH yake kama 12. Humo ndimo inapotulia. Ukiimimina kwenye dripu ya sukari, ambayo ina uchachu kidogo, yale mazingira yanavunjika na dawa inarudi kuwa chembe, fuwele ndogo ndogo kama sukari guru iliyoganda chini ya chungu. Hata kwenye maji ya chumvi inabidi usikawie. Na hata ikipita salama, unaisukuma polepole na macho yako kwenye mashine ya moyo, kwa sababu dawa yenyewe inagusa moyo na kile kilichoiyeyusha nacho kinashusha presha.

Hapo ndipo niliposimama. Kile kilichoiyeyusha nacho! Kwa miaka yote hiyo nilidhani nampa mgonjwa fenitoini. Kumbe nampa fenitoini pamoja na kiyeyusho chake, na kiyeyusho kinafanya kazi yake humo mwilini bila kuombwa. Jina la dawa limeandikwa kwa herufi kubwa. Jina la kiyeyusho limeandikwa kwa herufi za sisimizi.

Sasa basi, ngoja niwape kisa cha mwaka 1937, maana bila hicho kisa hamtanielewa.

Miaka ya 1930 ulimwengu ulikuwa haujapata penisilini. Mtu alijikata kidole akafa. Mama alijifungua salama, wiki moja baadaye akafa kwa homa ya uzazi. Mwaka 1935 Mjerumani Gerhard Domagk akatangaza dawa nyekundu iitwayo Prontosil iliyoua vijidudu ndani ya mwili wa mtu aliye hai. Binti yake mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliopona nayo, baada ya kuchomwa na sindano na mkono kuoza kiasi cha madaktari kutaka kuukata. Mwaka huo huo wataalamu wa Taasisi ya Pasteur kule Paris wakagundua kwamba ule wekundu wa Prontosil ni urembo tu, kinachofanya kazi ni kipande kilichomo ndani yake kiitwacho salfanilamaidi. Na salfanilamaidi ilishatengenezwa tangu 1908, haikuwa tena na mwenyewe kisheria. Yeyote mwenye kiwanda angeweza kuitengeneza.

Basi ikawa kama dhahabu. Marekani nzima ikaitaka, hasa baada ya mtoto wa Rais Roosevelt kupona nayo mwishoni mwa 1936. Ilitoka kama vidonge na unga. Lakini watoto hawamezi vidonge, na watu wengi wa majimbo ya kusini walipenda dawa ya maji. Wauzaji wa kampuni moja ya mji wa Bristol, Tennessee, kampuni ya S.E. Massengill, wakarudisha habari makao makuu: wateja wanataka ya maji.

Kulikuwa na tatizo moja. Salfanilamaidi haitaki maji, na haitaki kilevi. Mkemia mkuu wa kampuni, Harold Watkins, akajaribu hiki na kile mpaka akapata kimiminika kilichoiyeyusha vizuri: dayethilini glaikoli. Ni kimiminika kizito, hakina rangi, kina utamu wake wa asili. Kinatumika viwandani, na ni ndugu wa yale maji yanayowekwa kwenye rejeta za magari nchi za baridi yasigande. Mchanganyiko wake ulikuwa na salfanilamaidi asilimia 10, na dayethilini glaikoli asilimia 72. Hebu usome tena hapo. Sehemu kubwa ya chupa ilikuwa kiyeyusho, dawa ilikuwa mgeni tu humo ndani.

Maabara ya kampuni ikapima. Ikapima ladha, rangi na harufu. Ikaongeza rasiberi ili watoto wapende. Hawakuijaribu hata kwa panya mmoja. Na sheria haikuwalazimisha! Sheria ya Marekani ya wakati ule, ya mwaka 1906, haikutaka dawa ithibitishwe kuwa ni salama kabla ya kuuzwa. Maandishi machache ya kitaalamu kuhusu madhara ya kimiminika kile yalishakuwepo, lakini kiwandani hakuna aliyeyatafuta.

Septemba 1937 galoni 240, zaidi ya lita 900, zikasambazwa nchi nzima kwa jina la Elixir Sulfanilamide. Mwezi uliofuata madaktari wa mji wa Tulsa, Oklahoma, wakaanza kuona jambo geni. Watoto waliokuja na koo bovu wanaacha kukojoa.

Naomba hapa niseme kama nesi. Sisi wodini tuna chati ya maji, kilichoingia na kilichotoka, na wanafunzi wengi wanaiona kama kazi ya kupoteza muda. Mimi nikiona mstari wa mkojo unashuka, nusu kikombe, robo, vijiko viwili, hakuna, moyo wangu unashuka nao. Mwili huivunja dayethilini glaikoli ikawa asidi inayoharibu figo. Mtoto anaumwa tumbo, anatapika, anaacha kukojoa, anavimba, analegea, na anakufa baada ya siku nyingi za maumivu. Mwaka 1937 mashine ya kusafisha damu haikuwepo. Mama alikuwa anakaa anatazama, na kijiko kilichoanzisha yote ni yeye aliyekishika. Mama mmoja wa Tulsa aliyefiwa na binti yake alimwandikia Rais barua kumwomba awaokoe watoto wa wenzake.

Chama cha madaktari cha Marekani kikapima kwenye maabara yake, kikaona mchawi ni kiyeyusho. Idara ya chakula na dawa ikatoa karibu watumishi wake wote wa nje, wakaguzi na wakemia 239, wakapita duka kwa duka, zahanati kwa zahanati, nyumba kwa nyumba, kutafuta chupa. Walifanikiwa kuliko mtu angetarajia. Katika galoni 240 walizipata zaidi ya 234. Kilichonyweka kilikuwa kama lita 22 tu, madumu mawili ya mafuta ya kula hivi. Lita hizo 22 ziliua watu 105, kati yao watoto 34.

Mnajua kampuni ilishtakiwa kwa kosa gani? Kosa la jina! Kisheria neno elixir lilimaanisha dawa iliyoyeyushwa kwenye kilevi, na ile haikuwa na kilevi. Ikapigwa faini ya dola 26,100 kwa kuandika jina lisilo sahihi. Kama wangeiita "maji ya salfanilamaidi", serikali isingekuwa na mamlaka ya kuikamata hata chupa moja. Mwenye kampuni alikataa kuwa na hatia. Watkins alijiua Januari 1939, kesi ikiwa haijaisha.

Kutokana na vifo hivyo, Juni 1938 Roosevelt alitia sahihi sheria mpya: kuanzia hapo, atakayeuza dawa mpya lazima kwanza aonyeshe kuwa ni salama. Na katika maabara ya Chuo Kikuu cha Chicago iliyowapa wanyama kile kimiminika kuthibitisha kinachoua, alikuwemo mwanafunzi kijana aitwaye Frances Kelsey. Huyu ndiye mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa mtumishi wa serikali, aliyeikatalia thalidomaidi kuingia soko la Marekani huku Ulaya watoto wakizaliwa bila mikono. Alijifunza mapema kwamba neno la kampuni peke yake halitoshi.

Mtasema, dada, hayo ni ya zamani. Natamani ingekuwa hivyo.

Leo dawa nyingi za maji huyeyushwa kwa glisarini au propilini glaikoli safi, vitu ambavyo kwa kiasi kinachoruhusiwa havina neno. Lakini dayethilini glaikoli inafanana navyo kwa macho, ni tamu kama vyenyewe, na ni rahisi kwa bei. Kwa hiyo mahali fulani kwenye mnyororo, mtu mmoja anabadilisha lebo ya pipa, na mwenye kiwanda hapimi. Haiti 1995 na 1996, watoto zaidi ya 80 walikufa kwa dawa ya homa. Panama 2006, ilikuwa dawa ya kikohozi iliyotengenezwa na serikali yenyewe, kwa pipa lililoandikwa glisarini. Nigeria mwishoni mwa 2008, watoto zaidi ya 80 kwa dawa ya kutuliza maumivu ya meno yanayoota. Gambia 2022, watoto wapatao 70, wengi chini ya miaka mitano. Indonesia mwaka huo huo, watoto zaidi ya 200. Na Uzbekistan pia.

Someni tena orodha hiyo muone inafanana wapi. Kikohozi, homa, meno. Si dawa za kansa. Ni ile chupa mama anayoinunua dukani jioni kwa hela aliyotumiwa na dada yake wa Ulaya.

Lakini sitaki mwondoke na hofu tu, maana historia hii ina upande mwingine. Kuna waliokutana na dawa iliyogoma kuyeyuka na hawakukimbilia kiyeyusho cha kwanza kilichokubali.

Waliokulia Muheza kama mimi wanaijua kwinini. Nilikuwa darasa la pili nilipolazwa na malaria kali. Nakumbuka dripu ya masaa na masaa, masikio yanalia kama kuna nyuki ndani, mama anapepea. Baadaye chuoni nikafundishwa kwamba kwinini inashusha sukari ya damu, ndiyo maana inakwenda na dripu ya sukari, na kwamba ikipita haraka inaweza kuusimamisha moyo. Ilituokoa wengi. Wengine haikuwaokoa.

Wakati huo China walishakuwa na dawa nyingine. Mwaka 1967 serikali yao ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria. Mama mmoja, Tu Youyou, akapekua vitabu vya tiba za kale, akakuta mmea wa pakanga wa Kichina ukisifiwa kwa homa. Kuuchemsha kulikuwa kunaua dawa, basi akatumia etha inayochemka kwa joto dogo, na Oktoba 1971 akapata kilichofanya kazi. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Kitu hicho tunakiita artemisinini.

Ila kiligoma! Hakiyeyuki vizuri kwenye maji wala kwenye mafuta. Mtoto aliyezimia kwa malaria hamezi kidonge, sasa utampaje? Wakemia wa China hawakutafuta kimiminika kikali cha kukilazimisha. Waliibadilisha molekuli yenyewe kidogo. Kundi moja liliifanya ipende mafuta, ikawa atemetha. Mwaka 1977 kule Guilin, Liu Xu akaishikiza kipande cha asidi kinachopenda maji, ikawa atisuneti. Ni kama kumwekea mgeni asiyejua kuogelea boya, badala ya kubadilisha bahari.

Hata atisuneti haipendi kukaa ndani ya maji siku nyingi, inaharibika. Kwa hiyo inakuja kama unga kwenye kichupa, pamoja na kichupa kingine cha sodiamu baikaboneti. Nesi anachanganya hapo hapo kitandani, anatikisa mpaka iwe angavu kabisa, anaongeza maji ya dripu, anachoma, na anaitumia ndani ya saa moja. Ikibaki na ukungu haichomwi. Wauguzi wangapi wa kwetu wanafanya hivyo usiku wa leo kwa mwanga wa simu!

Kati ya 2005 na 2010 dawa hizo mbili zilishindanishwa katika nchi 9 za Afrika, watoto 5,425 wenye malaria kali. Kilifi walikuwemo, na hospitali ya Teule ya kwetu Muheza ilikuwemo. Waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9. Waliopewa atisuneti, asilimia 8.5. Kwa maneno mengine, katika kila watoto 41 waliobadilishiwa dawa, mmoja zaidi alirudi nyumbani. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likaagiza atisuneti iwe ya kwanza kwa watoto wenye malaria kali. Niliposoma kwamba Muheza ilikuwa humo nilikaa kimya kidogo. Wale ni watoto wa majirani zetu. Mitaa ile ile.

Na ile dawa mseto mnayopewa kwa malaria ya kawaida, mmewahi kujiuliza kwa nini nesi anasisitiza uinywe na maziwa au chakula chenye mafuta? Ni kwa sababu nusu yake ya pili, lumefantrini, inayeyuka kwenye mafuta. Ukiimeza na maji matupu, sehemu kubwa inapita bure. Ile chapati au kikombe cha maziwa ndicho kiyeyusho chako. Kumbe tumekuwa tukiyeyusha dawa jikoni siku zote!

Sasa nirudi kwa mtoto.

Usiku ule, kitabu cha dawa kimefunguka mbele yangu kwenye ule ukurasa wa fenitoini, macho yangu yakasimama kwenye maneno propilini glaikoli, na nikaikumbuka ile chupa nyekundu. Si kwamba ilikuwa na sumu. Sina sababu ya kusema hivyo, na naomba hapa nieleweke vizuri: chupa nyingi sana za dawa ya maji ni salama. Kilichonigutusha ni kwamba nimetuma hela bila kuuliza swali hata moja. Mtoto ana nimonia, zahanati imempa dawa ya nimonia, na mimi dada mtu, nesi, nimelipia sharubati ya kikohozi ambayo haiui kijidudu chochote. Hapa Uingereza kwenyewe tangu 2009 dawa nyingi za kikohozi na mafua za dukani hazitakiwi kupewa mtoto chini ya miaka 6. Huku ninakofanya kazi nisingeruhusu. Kwetu nililipia.

Huku ilikuwa saa kumi alfajiri, Muheza saa moja asubuhi. Nikampigia. Mtoto amelalaje? "Vile vile dada, anahema tu." Vile vidonge viko wapi? Kimya. "Viko kwenye mfuko. Nilimpa ile ya maji." Nikamwambia chukua kimoja, niambie kimeandikwaje. Akasoma polepole: vidonge vya kuyeyusha. Nikamwambia kachemshe maji, yakipoa kiasi weka vijiko viwili vya chai kwenye kikombe safi, tumbukiza kidonge, usikisage, kiangalie tu. Hakukata simu. Nikamsikia anasema, "Eh! Dada, kinasambaa chenyewe. Kimekuwa dawa ya maji."

Ndiyo mdogo wangu. Kimekuwa dawa ya maji.

Wapendwa, kidonge kile ambacho mdogo wangu alikiona dharau ndicho jibu la miaka yote hii. Haina chupa ya kuvunjika njiani, haina haja ya friji, kipimo chake hakitegemei ukubwa wa kijiko cha nyumba, na juu ya yote haina kimiminika cha mtu usiyemjua. Kazi ya mwisho ameachiwa mama, kwa maji aliyoyachemsha mwenyewe. Mseto ya watoto ya namna hiyo ilitoka 2009, amoksilini ipo, zinki ya kuharisha ipo. Zahanati ya Muheza ilimpa mtoto wetu dawa bora kuliko niliyoilipia mimi. Mimi na mdogo wangu tulitaka ladha na rangi, kama ile maabara ya Tennessee.

Alipewa asubuhi ile, akapewa jioni, akamaliza siku zote tano. Siku ya tatu akaomba uji. Sasa hivi anakimbiza kuku wa watu.

Kwa hiyo ninyi mlio ughaibuni kama mimi, ambao kila wiki mnapigiwa simu ya hela ya dawa, naomba msikimbilie kutuma kabla ya kuuliza. Zahanati wamesema nini? Wametoa nini? Na ninyi wa nyumbani, nunueni duka la dawa lililosajiliwa, chupa yenye lebo kamili, na mtoto aliyekunywa dawa akiacha kukojoa, msingoje kesho. Mkimbizeni hospitali na chupa yenyewe mkononi.

Kuhusu yule mwanafunzi, zamu iliyofuata nilimtafuta nikamweleza habari ya fenitoini na sukari, tokea mwanzo mpaka mwisho. Akasikiliza, akaandika kwenye kidaftari chake. Kisha akauliza, "Na hii nyingine hapa, hii nyeupe kama maziwa wanayotumia kulazia watu kwa upasuaji, hiyo imeyeyushwa na nini?"

Hiyo nilikuwa nimeshaisoma. Ni propofoli, nikamwambia. Mara ya kwanza waliiyeyusha kwa kitu kilichowaletea wagonjwa mzio mbaya, wakaiondoa, wakaanza upya, na mwaka 1986 ikaingia sokoni hapa Uingereza ikiwa ndani ya vitone vya mafuta ya soya na ute wa kiini cha yai. Akacheka, akasema kumbe ni kachumbari. Nikamwambia andika hiyo pia.

Mimi naingia zamu saa moja. Mbaki salama, na mnisalimie nyumbani.